Anajijua mkosaji au anajiona ameonewa?

Ndugu, umeuliza kama mtu aliyefungwa kwa ubakaji au unajisi hukaa kule gereza la Kamiti akijua fika alichofanya, au hujiona ameonewa. Mara nyingi ni yote mawili, kutegemea unamuuliza vipi.

Kuna mbinu ya kumuuliza iliyotokana na kazi ya George Kelly, mwanasaikolojia Mmarekani, mwaka 1955. Mfungwa huwekewa kadi za watu wa maishani mwake: mimi, mama, rafiki, askari, yule niliyemdhuru. Anachukua tatu. Wawili gani wanafanana, na wa tatu ana tofauti gani nao? Haulizwi habari za kosa lenyewe, kwa hiyo hapati nafasi ya kukariri utetezi wa kortini. Kadi ya "mimi" ikilala kila mara upande wa walioonewa, ubavuni mwa mtoto aliyemuumiza, hapo una la kuzungumza naye.

Mwaka 1999 watafiti Ward na Keenan walieleza imani tano za wanaodhulumu watoto kingono. Mojawapo ni kwamba dunia ni hatari na watu wazima hawaaminiki. Nyingine ni "sikuweza kujizuia", ambayo utaisikia hata kwenye matatu, eti shetani alimpitia.

Kilichonishangaza ni hiki: mwaka 1998 watafiti Hanson na Bussière walijumlisha tafiti 61 za wakosaji wa kingono, wala hawakukuta kwamba anayekana kosa ndiye anayerudia zaidi. Mimi bado nataka akiri, lakini kwa ajili ya aliyeumizwa. Usichukulie kukiri kwake kama kipimo cha usalama.