Mzazi akianza kusahau, mpimeni masikio

Mzee wenu akianza kurudia swali lilelile, msikimbilie kusema ni umri. Nimemuuguza mama kwa miaka kadhaa, na jambo ambalo ningependa kila mwenye mzee nyumbani alijue ni hili: anzeni na masikio.

Mama alikuwa ameanza kujitenga. Wageni wakija anatabasamu tu, anaitikia hata pasipo na swali. Ukimweleza jambo, kesho halikumbuki. Alipopimwa, tukaambiwa sehemu kubwa ya maneno yetu haimfikii, na neno ambalo hukulisikia utalikumbukaje? Ubongo unaohangaika kubahatisha maneno hubaki na nguvu kidogo ya kuyahifadhi. Halafu mtu akichoka kuuliza "umesemaje?" hunyamaza, na upweke nao unaudhuru ubongo.

Mwaka 2024, jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeepushwa au kucheleweshewa ugonjwa kama yote yangedhibitiwa. Yaliyobeba uzito mkubwa zaidi ni kutosikia vizuri na kolesteroli mbaya. Kutoona vizuri pia kumo, kwa hiyo macho nayo yapimwe.

Vifaa vya kusikia mama hakuvipenda. Kila sauti ilimkera, hata ya vyombo vikigongana. Tukamwomba avivae kwa muda mfupi, tukawa tunaongeza taratibu, maana ubongo huchukua majuma kuzoea sauti upya. Wengi huviacha kabatini kipindi hichohicho. Tafadhali msikate tamaa hapo. Havikumrudishia kila alichosahau, ila alirudi kwenye mazungumzo, akaanza hata kubishana nasi, na mimi nikamshukuru Mungu.

Mengine mnayajua: presha idhibitiwe tangu umri wa makamo, sukari pia, sigara iachwe, pombe ipunguzwe. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa mwendo wa haraka kidogo kunatosha. Mama hutembea na jirani yake, jambo ninalolipenda kuliko mashine yoyote, kwa sababu wanaongea njia nzima.

Lakini mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msisubiri miadi ya masikio. Huenda ni maambukizi, dawa anazotumia au kiharusi. Mpelekeni hospitali mara moja.