Kwa nini rubani anarudia maneno ya mnara?

SWALI: Shikamoo anko, mimi naishi hapa Dodoma karibu na uwanja wa ndege, shemeji yangu anasema rubani akipewa maelekezo na waongoza ndege wa kule mnarani lazima ayarudie kwenye redio, sasa si kupoteza muda jamani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Shemeji yuko sahihi, kurudia ndo usalama wenyewe. Ndege zikipishana juu na chini mara nyingi zinaachanishwa futi 1000, yani kama mita 300 tu, sasa rubani akiambiwa panda futi 9000 yeye akasikia 10000 na huko juu kuna mwenzake, unaona hatari? Akirudia, muongozaji anadaka kosa hapohapo anamsahihisha.

Halafu kwenye redio hizo wawili wakiongea kwa pamoja unasikia mlio tu. Kule Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977, ujumbe muhimu ulimezwa na mlio wa namna hiyo, rubani mmoja akaanza kukimbiza ndege ili aruke bila ruhusa, ikagongana na nyingine hapo njiani, watu 583 wakafa, inaniuma kila nikiisoma. Tangu hapo neno la kuruka halitamkwi ovyo, mpaka ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa.