Baada ya saratani ya titi: kliniki, mkono na hofu ya majibu

Dripu zimekwisha, mionzi imekwisha, ndugu wameshatoa pongezi. Kisha unapewa tarehe ya kliniki, na ikikaribia usingizi unakata.

Ratiba ya kawaida ni kuonana na daktari kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka mitatu ya kwanza, kila miezi 6 hadi 12 kwa miwili inayofuata, kisha mara moja kwa mwaka. Wengi hushangaa: daktari anauliza maswali, anapapasa kovu, kwapa na shingo, basi. Wanaona wamepuuzwa, wanaanza kuchangishana hela ya kupima mwili mzima. Kama huna dalili, hela hiyo ifanye mengine. Vipimo hivyo kwa mtu asiye na dalili havijaonekana kumrefushia maisha, na kipimo cha damu cha alama za saratani kama CA 15-3 kinaweza kupanda kwa sababu nyingine kabisa, kikakuingiza kwenye miezi ya mashaka. Kinachostahili ni mamogramu kila mwaka, kwa titi lililobaki. Ya kwanza isubiri walau miezi 6 baada ya mionzi. Siku hiyo usipake poda wala dawa ya kwapa, huonekana kwenye picha kama vidoa.

Maongezi ndiyo kipimo kikubwa, kwa hiyo yaandae. Andika kwenye daftari dalili mpya yoyote inayodumu zaidi ya wiki mbili au inayozidi: maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku, kikohozi, kubanwa pumzi, macho ya njano, kipele kigumu juu ya kovu. Usingoje tarehe. Mgongo ukiuma na miguu ikalegea, au mkojo ukakataa kuzuilika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Omba nakala: majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kupimwa, yenye vipokezi vya homoni na HER2 (protini inayochochea saratani kukua), majina ya dawa, idadi ya dripu, mionzi uliyopigwa. Aliyetoka Kigoma kutibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akiugua nyumbani, daktari wa wilaya hana faili lile. Doksorubisini, ile dripu nyekundu, lazima iandikwe. Inaweza kudhoofisha moyo hata miaka kadhaa baadaye, na kuishiwa pumzi si lazima kuwe saratani.

Kujipapasa ni mara moja kwa mwezi. Kwa anayepata hedhi, siku chache baada ya kumaliza. Anayejibonyeza kila asubuhi huishia kuumia pale pale, kisha akaogopa maumivu aliyoyaleta mwenyewe.

Kama tezi za kwapani zilitolewa, pima mkono kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 10 juu na chini ya kiwiko, mikono yote miwili. Tofauti ikiongezeka kwa sentimita 2, au pete ikianza kubana, sema mapema, kabla uvimbe haujakomaa. Vaa glavu ukipalilia. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, nao mwili una homa, unahitaji antibiotiki siku hiyo. Ule ushauri wa kutobeba kitu maisha yote umepitwa na wakati: anza na mzigo mwepesi, ongeza taratibu.

Tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni kwa wenye saratani yenye vipokezi vya homoni, kwa kawaida miligramu 20 kwa siku, humezwa miaka 5 hadi 10. Ukisahau, usimeze mbili. Uzazi wa mpango uwe kondomu au kitanzi cha shaba. Vidonge, sindano na vijiti vina homoni. Kutokwa damu ukeni baada ya kukoma hedhi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, ni vya kuripoti haraka.

Kabla ya kutoka chumba cha daktari, uliza: majibu yatatoka lini, atanipa nani, kukiwa kimya nimpigie nani? Kungoja bila tarehe kunachosha kuliko kipimo chenyewe. Na hofu ikikuzuia kula au kulala wiki mbili mfululizo, hiyo nayo ni dalili ya kutaja kliniki. Ukiandikiwa dawa ya sonona, mwambie daktari unameza tamoksifeni: paroksetini na fluoksetini huipunguzia nguvu, na zipo nyingine za kuchagua.