Kwa anayeanza kuonja wiski za Uskoti

Pesa yako ya kwanza usiitie kwenye chupa nzima. Nenda baa yenye rafu ya kueleweka, agiza toti tatu: Glenlivet 12, GlenDronach 12 na Laphroaig 10. Zote ni single malt, maana yake zimetokana na kimea cha shayiri tupu, zimekenekwa kwenye mitungi ya shaba ya kiwanda kimoja, kisha zikalala kwenye mapipa ya mwaloni hukohuko Uskoti kwa muda usiopungua miaka 3. Sheria moja, lakini utashangaa zisivyofanana.

Usinywe bado, nusa. Glasi iwe ndogo, yenye tumbo pana na mdomo uliobana, na barafu ikae kando. Isogeze puani taratibu, mdomo wako ukiwa wazi kidogo. Ukizamisha pua yote, kilevi cha asilimia 40 au zaidi kitakuchoma na hutasikia harufu nyingine kwa muda. Glenlivet itakupa matunda na vanila. GlenDronach, iliyolala kwenye mapipa yaliyobeba sheri, mvinyo mkali wa Hispania, inanukia zabibu kavu. Laphroaig inatoka kisiwa cha Islay, na hapo ndipo wengi husukuma glasi mbali: moshi, chumvi ya bahari, Dettol. Chanzo ni kimea chake, ambacho hufukizwa moshi wa piti, ule udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa vipande, ukaanikwa na kuchomwa kama kuni. Usiihukumu siku hiyohiyo. Mashabiki wake sugu ninaowajua wengi walianza kwa kuikunjia uso.

(Na tafadhali, usionje kwenye chumba kilichofukizwa udi, wala baada ya kujipulizia marashi. Utakuwa unajinusa mwenyewe.)

Funda la kwanza linauzoesha ulimi tu, usilitolee hukumu. La pili lizungushe mdomoni, meza, kisha subiri uone ni ladha gani inabaki. Baada ya hapo ongeza maji, kijiko kidogo kwa wakati. Kuna wanaokwambia maji yanaharibu wiski. Waulize mbona wachanganyaji wa viwandani huizimua hadi asilimia 20 hivi ndipo wainuse. Ikifanya ukungu kidogo usiogope. Ni mafuta yake ya asili, ambayo viwanda vingine huyachuja kwa baridi ili kinywaji kionekane safi.

Rangi usiiamini hata kidogo. Sheria inaruhusu kutia karameli ya rangi, kwa hiyo iliyokoza si lazima iwe nzee. Namba ya miaka nayo inataja wiski changa kuliko zote zilizomo kwenye chupa. Bei hupanda na umri kwa sababu kila mwaka kiasi cha asilimia 2 huvukia nje kupitia mbao, na Waskoti hukiita fungu la malaika. Wewe unalipia hata kile walichokunywa malaika. Mimi nimeonja kongwe zilizobaki na uchungu wa mbao tu, na ningechagua ya miaka 12 iliyolala kwenye pipa zuri bila kufikiri mara mbili.

Ukishanunua chupa, isimamishe wima, si kuilaza kama mvinyo, maana kilevi kikali hula kizibo. Ikishuka chini ya robo, ita marafiki muimalize. Hewa iliyojaa humo itaanza kuipunguzia harufu.