Bomba kuu limeshabadilishwa, mbona maji hayarudi?

SWALI: Habari za kazi. Bomba kubwa la mji lilipasuka, leo siku ya nne. Shimo walichimba siku ileile na kipande kipya tunakiona kimeshawekwa, ila maji bado ni ya kubahatisha, yakija ni ya kahawia na tunaambiwa tuchemshe. Hawa mafundi wanafanya nini siku zote hizi? Mama wa watoto watatu

JIBU: Pole sana dada, watoto watatu bila maji siku nne si mchezo. Ila hilo shimo unaloliona ndo sehemu ndogo ya kazi.

Kwanza kabisa ni kufunga valvu, yaani koki kubwa ya kukatia maji. Maji yanayokimbia kwenye bomba kubwa ni mzigo mzito, ukiyakata ghafla yanapiga kishindo kinachorudi nyuma na kupasua bomba sehemu nyingine, sasa inabidi wafunge taratibu mno, na valvu ya zamani ikiwa imeshika kutu haigeuki wanaenda kutafuta ya mbali zaidi, hapo mitaa mingine nayo inakosa maji. Afu chini kuna nyaya za umeme na udongo umelowa, kuta za shimo zisipoegemezwa zinamfukia fundi, hapo mi sitaki mtu aharakishwe hata kidogo.

Na kipande kipya hakimaanishi bomba lote ni zima. Kule Calgary, Kanada, Juni 2024 lilipasuka bomba la zege la mwaka 1975, upana wake karibu mita 2, walipolikagua wakakuta sehemu nyingine 5 dhaifu, ikabidi wazitengeneze nazo.

Kujaza nako ni polepole ili hewa itoke, klorini ya kuua vijidudu inawekwa, maji ya mwanzo yanamwagwa, sampuli inaenda maabara, na kuotesha vijidudu ili ionekane kama bado vimo kunachukua kama saa 24, hakuna njia ya mkato. Presha ikishuka maji machafu ya ardhini yanaweza kupenya kwenye nyufa, ndo maana hata mitaa iliyo mbali na shimo inaambiwa ichemshe.

We chemsha yatokote dakika 1 nzima, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 iwe 3, hata ya kupigia mswaki. Ile kahawia mara nyingi ni kutu iliyotibuka, fungulia koki ya maji baridi mpaka yatakate, na nguo nyeupe usifue kwanza. Yakinuka mafuta au kemikali kuchemsha hakusaidii, usiyatumie kabisa, toa taarifa.

Nisichokubaliana nao ni kukaa kimya. Ukiwapigia usiulize maji yanarudi lini, uliza sampuli imechukuliwa lini na majibu yanatoka saa ngapi, hilo wanalijua na wanapaswa kukwambia.