Kwa karani mpya wa mzani pale Mwaloni

Mdogo wangu unayeanza ukarani wa mzani pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, utaambiwa kazi hii inataka mtu wa kufanya mambo mawili kwa mpigo. Kubali nusu tu ya maneno hayo.

Kufunga gunia la dagaa huku unapiga soga kunawezekana, maana mikono iliyozoea haichagui kitu. Shida inaanza pale mambo mawili yanapotaka uamuzi. Namba za mzani zimetulia, unataka kuandika, na papo hapo mama aliye pembeni anauliza bei ya ndoo. Jambo moja lazima lisubiri, hata uwe mwepesi namna gani.

Mwanasaikolojia Telford alilipima jambo hili Marekani mwaka 1931, na baadaye wenzake, Welford wa Uingereza, kisha Pashler, wakalieleza kwa kina. Jaribio la aina hii huwa hivi: unasikia mlio, unabonyeza kitufe. Mara inatokea herufi, unaitaja. Sikio na jicho havigombani, wala kidole na mdomo. Hata hivyo herufi ikiufuata mlio kwa karibu mno, jibu lake linachelewa kwa sehemu ya sekunde. Kuchagua jibu ni kama dirisha moja la tiketi: wa pili anasimama mpaka wa kwanza ahudumiwe. Na chaguo la kwanza likiwa gumu, la pili nalo linachelewa zaidi.

Kinachonivutia zaidi ni hiki: katika foleni hiyo, herufi ikifanywa hafifu, jibu halizidi kuchelewa sana, kwa sababu jicho linaendelea kuisoma wakati uamuzi unasubiri zamu. Kwa hiyo macho yaache yaone gunia linalofuata. Uamuzi wake ndio usiuguse bado.

Taja kilo kwa sauti, andika, ndipo uinue kichwa. Anayekuuliza mwambie, "Mama, naandika, nakuja kwako sasa hivi." Wanaelewa, tena wanakuamini zaidi. Simu iite tu. Mazoezi yatapunguza kuchelewa huko, ila kwa kazi nyingi usitegemee kwamba kutakwisha kabisa, hasa asubuhi mzigo wa visiwani unapomiminika.

Punguza pia vya kuchagua. Bei ya siku iandike kwa chaki pale kila mtu anapoiona, noti za elfu kumi zikae upande mmoja siku zote, na chenji usianze kuihesabu gunia likiwa bado juu ya mzani.