Mshahara umepanda, manung'uniko yako palepale

SWALI: Mimi ni afisa rasilimali watu kwenye kiwanda cha watu zaidi ya 600, Morogoro. Tuliongeza mishahara, lakini manung'uniko hayaishi. Tunakosea wapi?

JIBU: Ndugu, pesa huondoa kinyongo, ila haileti peke yake raha ya kazi. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg aliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 kule Pittsburgh, Marekani, na mwaka 1959 akaeleza kwamba yanayowaudhi watu (sera, usimamizi, mshahara) siyo yanayowaridhisha: mafanikio, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana.

Anza na saa za ziada. Chukua hati 20 za mishahara za zamu ya usiku, uzilinganishe na daftari la mahudhurio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Mtu akikatwa hata saa 2 bila maelezo, nyongeza yote anaiona danganya toto.

Kisha mtazame msimamizi wa zamu. Machoni pa mfanyakazi, kampuni ni yeye. Fundi aachiwe kuamua lini mashine isimame kwa matengenezo madogo, na jina lake liandikwe kwenye ripoti.

Dodoso msigawe kama hamtarudisha majibu ndani ya mwezi. Kimya kikifuata, mara ya pili watajaza ilimradi.